Jibu: baiskeli 12 ndani ya miwa, Kibos mpaka Kibigori

Bro umesema unataka kupeleka watu 12 Jumamosi, mtoke Kisumu mpite Kibos na Miwani mfike Kibigori kwa zile njia za ndani za miwa halafu mrudi, na ukauliza watu wataweza kilomita ngapi. Mimi nimepeleka watu huko mara kadhaa na nakuambia kilomita si shida, uwanda wote wa Kano ni tambarare, hata mtu wa Black Mamba, ile baiskeli nzito isiyo na gia, anafika. Shida ni kona. Ukishaingia kwa miwa iliyokomaa huoni kitu, imekupita kimo, kila njia panda inafanana na ile umetoka, na simu inakuonyesha barabara ambayo ukifika unapata ni njia ya trekta tu inaishia katikati ya shamba.

Kwa hivyo usiipangie kwa simu, enda mwenyewe kwanza, na uende wiki hiyo hiyo. Mara yangu ya kwanza nilipita wiki tatu mapema nikaweka alama kichwani, kwamba miwa mirefu ya mkono wa kushoto ikiisha napinda. Siku yenyewe tukakuta yote imekatwa, shamba limebaki jeupe mpaka mbali, nikasimama pale na watu tisa nyuma yangu sijui niende wapi. Siku hizi alama zangu ni vitu havikatwi: karavati, kanisa, poshomili.

Na kila kona achia mtu. Anayekufuata nyuma ndiye anabaki hapo, ananyooshea kila mtu mkono, na haondoki mpaka amuone yule wa mwisho kwa macho yake. Kona inayofuata anabaki anayefuata, hivyo hivyo. Kuna siku kijana wetu aliyeachwa kwa kona alidhani watu wameisha akaondoka, kumbe mmoja alikuwa ameshuka kurudisha cheni, akapinda kule siko, na ni wakata miwa walituletea yeye baada ya saa nzima akiwa hana hata tone la maji. Kazi ya kuwa wa mwisho usimpe aliyechoka, mpe mwenye nguvu kuliko wote na mwenye subira, mvishe reflekta kila mtu amjue, abebe pampu, tyubu mbili na viraka.

Trekta za miwa nazo ziheshimuni sana. Trela linayumba, miwa inaning'inia pembeni, na dereva haoni nyuma. Mkisikia mlio wake, mtu wa mbele apige filimbi, wote mshuke kabisa kwa nyasi mkono wa kushoto mngoje vumbi litue. Mtu asilifuate kwa karibu, muwa ukidondoka mbele yako ukaukanyaga na tairi unateleza nao.

Halafu kuna reli ya Kisumu, ile inapita Kibos, Miwani, Kibigori, mtaivuka. Mahali njia inakata reli kwa mshazari tairi linaingia kwa ule mfereji wa kando ya chuma, na asubuhi chuma kina umande. Dada mmoja wetu gurudumu lilishikwa hapo, baiskeli ikasimama yeye akaenda, akatua na kiganja, mkono ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Sasa kwa reli tunashuka wote tunasukuma, hata yule mjuaji.

Saa ya kutoka ni saa kumi na mbili na nusu jua likichomoza, si saa mbili mkingoja wachelewaji. Mvua ya huku inapenda kuja mchana ukishasonga, na ule udongo mweusi wa Kano ukilowa kidogo tu unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Nimeshautoa na kijiti kila hatua ishirini nikachoka nikabeba baiskeli begani. Saa sita muwe mmerudi kwa lami, na ukiona wingu limekaa juu ya milima ya Nandi mapema, usisikize wanaosema tumalizie, geuza.

Ah, na ukienda kuangalia njia tafuta mama wa chai pale Miwani uchukue namba yake, umpigie Ijumaa umwambie mko wangapi. Tukimfikia ghafla chapati zinaishia kwa wale wanne wa kwanza, na wa nyuma ambao ndio wamechoka zaidi wanakunywa chai tupu.