Mikoko niliyokuja kuitetea: kwa mnaokuja kufanya kazi kwenye ahupuaʻa

Jumamosi yangu ya kwanza Heʻeia, upande wa mashariki wa kisiwa cha Oʻahu huko Hawaii, nilikabidhiwa msumeno nikaambiwa nikate mikoko. Mimi ni mtoto wa mashariki ya Unguja. Kwetu tumefundishwa kuipanda, na pendekezo la utafiti nililokuja nalo chuoni lilisema wazi kwamba mikoko ya Hawaii ihifadhiwe. Nilibaki nimeushika ule msumeno, sijui nianzie wapi.

Bibi mmoja akanichukua tukatembea juu ya ukuta wa bwawa la kufugia samaki. Bwawa la Heʻeia lina ekari 88, limezungushiwa ukuta wa mawe wa kilomita mbili hivi, kuta mbili sambamba zilizoshindiliwa matumbawe katikati. Lina umri unaokadiriwa kuwa miaka 600 hadi 800. Akanionesha mizizi ilivyoingia baina ya mawe na kuyasukuma nje, tope lilivyonasa, na milango ya maji ilivyokuwa ikizibwa. Kisha akaniuliza: "Kwenu majani ya mkoko yakianguka, nani anayala?" Nikasema kaa. Akasema huku mkoko ni mgeni, hakuna kaa waliozoea kazi hiyo, basi majani hurundikana na kuoza palepale. Pendekezo langu niliandika upya lote.

Nawaandikia nyinyi mnaokuja kusoma au kujitolea huku, hasa mnaotoka pwani yetu, kwa sababu sisi ndio rahisi zaidi kukosea. Vitu vingi tutavitambua, na kuvitambua huko ndiko kunakotudanganya.

Ahupuaʻa, kama hii ya Heʻeia, ni kipande cha ardhi ambacho kwa kawaida huanzia kileleni mwa mlima, hufuata bonde na mto wake, na hakiishii ufukweni bali huendelea mpaka kwenye mwamba wa matumbawe. Jina linatokana na rundo la mawe, ahu, lililowekwa mpakani, na puaʻa, yaani nguruwe, kwa kuwa hapo ndipo watu walipoweka nguruwe au vitu vingine kama kodi ya chifu. Mtu wa juu alikuwa na mbao, wa kati magimbi, wa chini samaki, na maji ya wote yalikuwa yaleyale. Mwaka 1848 mfalme Kamehameha III aliridhia mgawanyo mkubwa wa ardhi, na kutoka hapo ardhi ikaanza kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa. Mabonde yakavunjwa vipande, maji yakaelekezwa kwenye mashamba ya miwa.

Hapo ndipo mikoko inapoingia. Ililetwa Molokaʻi mwaka 1902 na kampuni ya sukari ili izuie tope lililokuwa likiporomoka kutoka milimani. Kwa hiyo mkoko unaoukata chini ni alama ya jeraha lililo juu. Ukiukata bila kushughulikia bonde, tope litakuja tu. Ndiyo maana Heʻeia wanaotengeneza bwawa na wanaofufua majaruba ya magimbi huko juu ni vikundi viwili, lakini kazi ni moja. Maji ya mto huingia jarubani kwa mfereji, huacha tope lake kwenye magimbi, kisha hurudi mtoni. Yakikaa mno yakapata moto, magimbi huoza. Yakipita mbio, hayachuji kitu. Nimekaa wiki nzima na jembe nikijifunza kufungua mfereji kwa kiasi cha kiganja, na wiki hiyo ilinifaa kuliko muhula wa kwanza wote.

Mkifika, msianze na dodoso. Mtaombwa mjitambulishe: jina, mnatoka wapi, mlima au maji ya kwenu yanaitwaje. Si adabu ya juu juu, mtu anataka kujua unawajibika kwa nani. Wazee waiteni anti na anko hata kama si damu yenu. Kwa Mswahili hili halihitaji maelezo. Neno mtakalolisikia kila siku ni kuleana. Wengine hulitafsiri haki, wengine wajibu, na yote mawili yamo ndani yake. Huna haki juu ya mfereji usiousafisha.

Na msiwe na haraka. Hāʻena, kwenye kisiwa cha Kauaʻi, wenyeji walipata sheria ya mwaka 2006 iliyotambua bahari yao kuwa eneo la uvuvi wa kitoweo linalosimamiwa na jamii. Kanuni zenyewe zilitiwa saini 2015. Miaka tisa ya vikao, ya kubishana kuhusu nyavu na idadi ya samaki, na kukubaliana kwamba kinachovuliwa hapo si cha kuuza. Mwaka 2018 mafuriko yalikata barabara, na ilipofunguliwa 2019 wageni wa hifadhi ya jimbo ya Hāʻena, ambao zamani walifika 2,000 kwa siku, wakawekewa kikomo cha 900. Huo pia ni usimamizi wa ahupuaʻa, maana mgeni naye hukanyaga, hunywa maji na kuziba njia. Utafiti wako wa miezi sita hauwezi kuwa kitovu cha jambo la namna hiyo.

Furaha nayo ipo. Ndani ya bwawa mtawakuta mkizi na mwatiko, ndugu zetu wa zamani. Milango ya bwawa imeundwa kwa fito zilizoachana kidogo, kama uzio wa wavuvi wetu, ila kwa nia nyingine: kidagaa hupenya kuingia, akinenepa hawezi kutoka. Mara ya kwanza nilipomwona mkizi akiruka jioni nilipiga kelele kwa Kiswahili.

Mwani ndio uliobaki kunisumbua. Jamii ileile ambayo mama yangu ameilima Paje tangu nikiwa mdogo ililetwa ghuba ya Kāneʻohe, mbele ya Heʻeia, kwa majaribio miaka ya 1970, ikatawanyika na kufunika matumbawe. Wanaung'oa kwa mikono na kuunyonya kwa pampu zilizofungwa juu ya chelezo. Nilipomweleza mama kwa simu alinyamaza kwanza, halafu akauliza wanaupeleka wapi. Nikamwambia hupewa wakulima wa magimbi uwe mbolea. Akauliza: "Na chumvi yake haiunguzi mizizi?"

Sikujua. Jumamosi iliyofuata nilipanda nao majarubani nikawauliza.