Kabla hamjagusa taimlaini ya Endurance

Wadogo zangu, kila kundi jipya la wahariri likipewa filamu ya Shackleton, mpelelezi aliyekwama kwenye barafu ya Antaktika na meli yake Endurance, linarudi na makosa yale yale. Najua mmekesha, ndiyo maana inaniuma kuwarudisha mezani.

1. Spidi kwanza. Hurley, mpiga picha wa safari hiyo, alikuwa akizungusha kamera kwa mkono, fremu zake kwa sekunde ni chache kuliko 25 zetu. Mkizimwaga hivyo hivyo, mabaharia wanakimbia kama kuku.

2. Ile picha ya watu ufukweni wakipunga mikono. Jamani! Kila mmoja wenu anaipachika kwenye uokoaji wa 30 Agosti 1916, meli Yelcho ya nahodha Luis Pardo inatokea Elephant Island, kisiwa walichokwama, muziki unapanda. Picha ile ni ya 24 Aprili, siku mashua James Caird ilipoondoka na Shackleton na wenzake watano kutafuta msaada. Wale wanaopunga wanaaga. Hurley mwenyewe ndiye aliyeichezea baadaye akaiita ya uokoaji, kwa hiyo kijana akiniambia, "Kaka, kwenye maktaba imeandikwa hivyo," namwelewa, lakini siipitishi. Irudisheni Aprili muone inavyobeba sehemu nzima: watu 22 wamebaki, Frank Wild, msaidizi wa Shackleton, akiwa kiongozi wao, wanalala chini ya mashua mbili zilizopinduliwa, wanakula sili na pengwini, na humo humo baharia kijana Blackborow anakatwa vidole vya mguu vilivyoharibiwa na baridi. Miezi minne. Mtazamaji asipowaona wakiaga, huo uokoaji ataufurahia kwa lipi?

3. Futeji ya safari ya mashua James Caird msiitafute, haipo. Meli ilipovunjika Oktoba 1915 kamera ya sinema iliachwa. Hurley akabaki na Kodak ya mfukoni na roli tatu. Negativu za vioo alizitoa kwa kuzama ndani ya maji ya barafu, kisha yeye na Shackleton wakakaa kuchagua: takriban 120 zikabaki, kama 400 zikapasuliwa pale pale asije akazirudia. Halafu wewe unaipa picha ya namna hiyo sekunde mbili! Ipe sita.

4. Wanyama wengi wa filamu hii Hurley aliwapiga picha kisiwani Georgia Kusini mwaka 1917, baada ya uokoaji. Msiwahamishie kwenye matukio ya kabla yake.

5. "Wote walinusurika" ni kweli kwa wale 28 wa Endurance tu. Upande wa Ross Sea, ng'ambo ya pili ya Antaktika lilikokuwa kundi lake jingine, Mackintosh, Hayward na Spencer-Smith walikufa katika kazi ya kumwekea Shackleton akiba ya chakula njiani. Wapeni kadi yao ya maandishi, majina kamili, kabla ya orodha ya watayarishaji.