Kizuizi cha damu, au kizuizi baina ya damu na retina?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa udaktari hapa Dodoma. Naandika kwa Kiswahili muhtasari wa mada yangu kuhusu mishipa ya damu ya jicho. Mwenzangu anatumia "alama za mishipa" na "kizuizi cha damu cha jicho". Tulipomweleza mama mmoja wa Bahi, mwenye kisukari, kwamba kizuizi cha damu kwenye jicho lake kimelegea, alituuliza: "Kwa hiyo damu imeziba, wanangu?" Tumekosea wapi, na tuandike nini?

JIBU: Mama huyo aliwasikia sawasawa. Shida iko kwenye hiyo "cha". Kihusishi hiki kinabeba mizigo mingi: kizuizi cha polisi ni kilichowekwa na polisi, kizuizi cha mbao kimetengenezwa kwa mbao, kizuizi cha mwendo kinazuia mwendo. Mtu akisikia "kizuizi cha damu" ataelewa ama damu ndiyo inayozuiwa, ama damu ndiyo iliyoganda ikaziba. Njia zote mbili zinamfikisha kwenye mshipa ulioziba, na huo ni ugonjwa mwingine. Upo, tena unaweza kumnyang'anya mtu uwezo wa kuona ghafla, ndiyo maana aliingiwa na hofu.

Ninyi mlikusudia jambo tofauti kabisa. Damu inapita kwenye mshipa kama kawaida. Kinachodhibitiwa ni vitu vilivyomo ndani ya damu, visiingie ovyo kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Kwa hiyo pande zote mbili zitajwe: kizuizi baina ya damu na retina. "Kati ya" haina kosa, ila mimi napendelea "baina ya", kwa kuwa "kati ya" hutumika pia kuchagua kimoja katika vingi, na sentensi ya kitaalamu ikirefuka msomaji anaweza kuyumba.

Neno "kizuizi" lenyewe libaki. Wapo wanaopendekeza "kinga", lakini hospitalini neno hilo lina kazi yake tayari, ya chanjo na kinga ya mwili. "Kikwazo" nacho kinatokana na kukwaza, na kitu kinachokwaza ni cha kuondolewa. Dereva wa njia ya Dodoma na Morogoro anajua kizuizi ni nini: gari linasimamishwa, linakaguliwa, likiwa na haki ya kupita linapita. Kwenye jicho ni hivyo hivyo. Retina inahitaji glukosi saa zote, na protini iitwayo GLUT1 inaivusha. Molekuli nyingine nyingi hubakishwa ndani ya mshipa, kwa sababu seli zinazoutandika mshipa huo kwa ndani zimefungamana kwa viungo vilivyokaza.

Mkiandika "kizuizi cha ndani" na "kizuizi cha nje", mwelezeni msomaji ndani na nje ya nini. Cha ndani kiko kwenye kuta za kapilari za retina, yaani mishipa yake midogo kabisa ya damu. Cha nje ni safu ya seli zenye rangi iliyo nyuma ya retina, inayoitenga na koroidi, tabaka lenye mishipa mingi ya damu. Safu hiyo ni ya lazima, maana kapilari za koroidi zina vitundu na hupitisha vitu kwa wepesi. Huko mbele ya jicho, kwenye irisi (sehemu yenye rangi inayozunguka mboni) na mwili wa siliari ulio nyuma yake, kuna kizuizi kingine, baina ya damu na majimaji ya jicho. Msiandike "vizuizi vya jicho" kama mnazungumzia retina peke yake.

Sasa hiyo "alama". Kwa msomaji wa kawaida, alama ya mshipa ni kitu kinachoonekana juu ya ngozi, kovu au mstari. "Kiashiria" ni neno zuri, lakini tumelizoea kwenye ripoti za miradi na afya ya jamii, likidokeza hali au mwelekeo. Nyinyi mna molekuli ambayo, ikinaswa na kingamwili (protini inayoshika molekuli maalumu) na kutiwa rangi, inamwambia anayechungulia kwenye hadubini kwamba huu ni mshipa, tena wa aina fulani. Hicho ni kitambulishi, wingi vitambulishi. Na msiishie kwenye "vitambulishi vya mishipa ya damu", kwa sababu havifanyi kazi moja. Protini iitwayo CD31 hutambulisha seli za ndani za mshipa, uwe na kizuizi au usiwe nacho. PAL-E ni kingamwili inayonasa protini ya PLVAP. Hushika kapilari za koroidi, lakini kwenye mishipa mizima ya retina haishiki. Kisukari kikiiharibu mishipa hiyo ikaanza kuvujisha, PAL-E inaweza kuanza kushika. Hapo andikeni "kitambulishi cha mishipa inayovujisha". Urefu wa maneno usiwatishe.

Nimeandika "inayovujisha" kwa makusudi. Mgonjwa akiambiwa "mshipa unavuja" anaona damu. Mara nyingi kinachotoka mwanzoni ni majimaji ya damu yenye protini na mafuta, na retina inavimba. Damu yenyewe ikitoka na kukaa ndani ya jicho, hiyo imevilia. Kuvuja na kuvilia vitengwe kwenye faili na kwenye mazungumzo pia.

Na "mshipa" usiachwe peke yake. Huku kwetu mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, na kwa wazee wengi mshipa ni ngiri. Mara ya kwanza kwenye kila aya andikeni "mshipa wa damu".

Mama wa Bahi mwambieni hivi: "Mama, damu haijaziba. Kuta za mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho zimelegea kwa sababu ya kisukari, zinaruhusu majimaji kupita, na majimaji hayo yanavimbisha sehemu inayoona." Halafu mpeni nafasi aulize tena.