Kitabu cha chura kisubiri mvua

Barua za safari hii zimeuliza karibu jambo moja kwa sura tofauti: vitabu vya watoto vipatikane wapi, visomwe lini, na ugawane vipi na wenzako bila kugombana. Nimechagua sita.

Vitabu ninavyo, tena vingi. Rafu imejaa, ila watoto hawavigusi. Ninunue vipya? – Mama wa wawili

Usinunue. Punguza. Mtoto anayeiona migongo hamsini ya vitabu kila siku haoni hata kimoja. Rafu imeshakuwa sehemu ya ukuta. Vitoeni vyote, mvitandaze sakafuni, mvipange pamoja kwa majira: vya mvua na vyura, vya jua na safari, vya upepo, vya baridi, vya mbegu na mavuno. Visivyo na majira ni vya mwaka mzima, viwekeni kando. Halafu bakisha kumi hivi vinavyolingana na hali ya nje kwa sasa, uvisimamishe jalada likitazama mbele. Asiyejua kusoma hachagui kitabu kwa jina, anachagua kwa sura. Vilivyobaki vifunge kwenye boksi, lipande juu ya kabati.

Utamu wenyewe huja majira yanapogeuka. Kwangu boksi hushuka na mvua ya kwanza. Mara ya mwisho binti yangu alichomoa kitabu cha chura alichokuwa amekisahau kabisa, akakikumbatia kama mgeni aliyerudi. Hatukufika ukurasa wa tatu, chura wa kweli akalia nje. Binti akaniziba mdomo kwa kiganja, akasikiliza, kisha akakiondoa: "Soma sasa, amemaliza." Kitabu kile kilikaa rafuni kiangazi kizima mwaka uliotangulia, hakuna aliyekifungua.

Vitabu vingi ninavyopata ni vya theluji. Mwanangu hajawahi kuiona. Niviache? – Baba wa mtoto wa miaka minne

Hajawahi kuona sungura anayeongea pia, na hajalalamika. Soma tu. Katika *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats, kilichotoka Marekani mwaka 1962, mtoto anatia bonge la theluji mfukoni, anaingia ndani kwenye joto, na baadaye anakuta mfuko mtupu. Msomee mwanao huku ameshika kipande cha barafu. Kikimponyoka kwa maji kiganjani, hutakuwa na la kueleza.

Kinachonitia wasiwasi ni kingine: vitabu vyake vyote vikiwa vya majira ya mbali, ataamini hadithi ni mambo yanayotokea kwa watu wengine. Kwa hiyo kila kimoja cha mbali kipate mwenzake wa majira anayoyaishi. Hukipati? Kitengenezeni. Kunja karatasi nne katikati, shona mkunjo kwa uzi, tayari una kurasa 16. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa kuwa mitambo huchapa karatasi kubwa zinazokunjwa kwa mafungu, kwa hiyo chenu ni nusu ya kitabu kamili. Yeye achore, wewe andika anachokuambia, neno kwa neno, hata sentensi ikipinda.

Nina wanafunzi wengi na vitabu vichache. Vya bure vya Kiswahili viko wapi? – Mwalimu wa darasa la pili

Ingia kwenye tovuti za African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India. Zote zina hadithi za picha kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na unaweza kupakua na kuchapa. Leseni zake ni huria, ila taja majina ya mwandishi na mchoraji, na uisome leseni ya kila kitabu, maana vingine haviruhusiwi kuuzwa. Tafuta kwa neno la majira: mvua, jua, mbegu, upepo. Kabla ya kuchapa, soma chote kwa sauti ukiwa peke yako. Tafsiri nyingine zinakwaruza ulimi, na watoto watacheka pasipo na kichekesho.

Ukitaka tarehe ya kuanzia kubadilishana vitabu darasani, kuna 2 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto. IBBY, shirika la kimataifa la vitabu vya watoto, limeiadhimisha tangu 1967, na imewekwa siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen.

Naazimisha, vinarudi vimechanika, au havirudi. – Nimechoka

Pole. Kimoja changu kilirudi na alama za meno.

Mtoto haelewi "wiki mbili", ila anaelewa "kirudi mvua ikikatika". Andika hivyo ndani ya jalada, chini yake majina ya waliokisoma. Jina lake likiwa humo, mtoto hukilinda kidogo zaidi. Palipochanika usibandike selotepu. Baada ya muda inageuka njano na gundi yake inachafua karatasi. Tumia kiasi kidogo cha gundi nyeupe na kipande cha karatasi nyembamba. Kikilowa, kisimamishe wazi kivulini penye upepo. Jua litakikausha, lakini litafifisha na picha.

Kitabu kilekile kila usiku! – Nitakikariri

Kikariri. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliona kuwa watoto wa miaka mitatu waliosomewa hadithi zilezile mara kadhaa walishika maneno mapya vizuri kuliko waliosomewa hadithi tofauti.

Mjukuu wangu anaishi upande mwingine wa dunia. Huku kukiwa jua, kwake ni baridi. Kwenye simu ni "hujambo", "sijambo", basi. – Babu

Shikamoo babu. Tafuta nakala mbili za kitabu kimoja, moja yako, moja yake, na kiwe cha mti mmoja unaofuatwa mwaka mzima. Someni kwa zamu, ukurasa wako, ukurasa wake, na yeye ndiye aamue lini mgeuze. Mkimaliza, kila mtu aende dirishani, atazame mti wa nje, aseme ni ukurasa upi unaofanana nao.

Kurasa zenu hazitakuwa sawa. Dunia imeinama nyuzi 23.5 hivi, kwa hiyo mwezi Juni kaskazini ni majira ya joto na kusini ni ya baridi. Usimweleze mapema, subiri akuulize kwa nini babu amekosea ukurasa. Kila mmoja atie alama pale alipo. Mkikifungua tena baada ya miezi sita, alama yako itakuwa kwake, na yake kwako.