Windows.old Inapogoma Kufutika: Kwa Mafundi Wanaoanza

Wadogo zangu mnaoanza ufundi wa kompyuta, iwe mmepata meza Kariakoo au mnawafuata wateja majumbani kuanzia Mbagala hadi Tegeta, kazi hii mtakutana nayo mapema. Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi wamepanda kwenda Windows 11. Laptop nyingi mtakazoletewa ni za mtumba, diski yake SSD ya GB 128, na Windows 11 yenyewe inataka diski isiyopungua GB 64. Mteja anarudi na malalamiko kwamba diski C imekuwa nyekundu, yaani imejaa. Unafungua, unakuta folda ya Windows.old imekalia GB 15, 20, wakati mwingine zaidi. Unabonyeza Delete, unaambiwa huna ruhusa, ukaombe kwa SYSTEM au TrustedInstaller, ambazo ni akaunti za Windows yenyewe.

Wengi hapo hapo wanakimbilia YouTube kutafuta komandi ya kulazimisha. Ninawaomba msianze na nguvu. Mashine ikikataa kufuta faili, inakueleza faili hilo ni la nani, au ni programu gani bado inalitumia. Hayo ndiyo maelezo ya kwanza ya kazi yako.

Windows.old ni Windows ya zamani iliyowekwa kando: mfumo wake, Program Files zake, Users zake. Inatunzwa ili mteja aweze kurudi alikotoka, na kwa kawaida ana siku 10 tu, baada ya hapo mfumo wenyewe unaifuta. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, muulize mwenye mashine: printa ya risiti inatoa? Programu ya mahesabu inafunguka? Skana je? Mwenye duka anaweza kutumia Windows mpya kwa raha zake, kumbe ile programu anayoifungua mwisho wa mwezi tu haikubali tena. Ukishaifuta Windows.old, kurudi nyuma hakupo, na wala haipiti Recycle Bin. Kama mteja bado hana uhakika na nafasi haijabana sana, muongezee siku kabla zile 10 hazijaisha. Fungua Command Prompt kama admin, uandike:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30

Hiyo 30 ni idadi ya siku, na mwisho wake ni 60.

Swali jingine, na hili nalichukulia kwa uzito kuliko yote: Windows ilipandishwaje? Kama ilipandishwa juu ya ile ya zamani kwa kubakiza kila kitu, nyaraka za mteja zimeshahamia upande mpya. Lakini kama kuna mtu alipiga Windows kwa flashi, akachagua Custom bila kuformati, basi picha, barua na hesabu za mteja zimebaki ndani ya Windows.old\Users, na pengine mteja mwenyewe anaamini zimepotea. Nimekuta humo tasnifu ya mwanafunzi aliyekuwa ameshakata tamaa, ameanza kuiandika upya. Ingia Users, pitia Desktop, Documents, Pictures na Downloads. AppData nayo msiiruke, kwa sababu programu kadhaa huweka data zao humo. Kopi kwenye diski ya nje, fungua mafaili machache kuhakikisha yanasomeka, kisha ndiyo mzungumze habari ya kufuta.

Kufuta kwenyewe mara nyingi ni kazi nyepesi. Nenda Settings, System, Storage, Temporary files, weka tiki kwenye Previous Windows installation. Ila someni orodha hiyo mstari kwa mstari. Ndani yake kuna kisanduku cha Downloads, na ukikitia tiki kwa haraka unafuta kila kitu ambacho mteja amepakua: ankara, fomu za chuo, vyeti vilivyotumwa kwa WhatsApp ya kompyuta. Mimi naondoa tiki zote kwanza, halafu naweka ile ninayoitaka peke yake. Disk Cleanup nayo inafanya kazi hiyo, mradi ubonyeze Clean up system files.

Ikigoma, piga Restart. Msizime na kuwasha, kwa sababu Fast Startup inapokuwa imewashwa, kuzima kwa kawaida hakuufungi mfumo wote. Restart inauanzisha upya kabisa. Mabaki mengi huachia hapo.

Yasipoachia, sasa nguvu ina nafasi yake. Tumieni Command Prompt, si PowerShell, maana komandi ya tatu hapa chini PowerShell itaikataa:

takeown /F C:\Windows.old /A /R /SKIPSL /D Y
icacls C:\Windows.old /grant Administrators:F /T /L /C
rd /s /q C:\Windows.old

Ya kwanza inahamisha umiliki kwenda kwa kundi la maadmin, ya pili inawapa ruhusa kamili, ya tatu inafuta bila kuuliza. Hizo alama za /SKIPSL na /L msizidharau: zinazuia komandi kufuata viungo vinavyoelekeza nje ya folda, ukajikuta unabadilisha ruhusa za mfumo unaofanya kazi. Na hiyo njia iandikeni kwa ukamilifu wake. Neno rd halina huruma na mtu aliyesahau kumalizia jina la folda.

Kuna mabaki sugu zaidi, hasa mafaili ya draiva za printa ndani ya DriverStore\FileRepository. Haya nayafuta nikiwa nimebuti kwa flashi ya Windows, yaani nimeiwasha mashine kutoka kwenye flashi, kisha Shift na F10 kufungua dirisha la komandi. Humo herufi za diski zinaweza kubadilika, C ikawa D, kwa hiyo andikeni dir mwone kilichomo kabla ya kufuta. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, mtahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mteja. Mwombeni akiwa bado amesimama mbele yenu, si akiwa ameshapanda mwendokasi.

Folda za mfumo za C:\Windows\WinSxS na C:\Windows\Installer msizifute kwa mkono hata zikionekana kubwa namna gani. Ukubwa wa WinSxS unaouona unazidi uhalisia, kwa kuwa mafaili yake mengi ni yale yale yaliyoko System32, yanahesabiwa mara mbili. Kuipunguza tumieni DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup. Ukifuta Installer, programu za mteja zitakataa kusasishwa wala kuondolewa. Kama bado mnatafuta nafasi, powercfg /h off inaondoa hiberfil.sys, faili la Hibernate, ambayo ni GB kadhaa. Mwambieni mteja kwamba Hibernate haitakuwepo tena.

Na kwa mashine mnayoipandisha wenyewe leo, andikeni kwenye risiti tarehe ya siku ya kumi, mkimweleza mteja ajaribu programu zake zote kabla haijafika.