Ukukwi si mmoja: aibu niliyoipata Amani na nilichojifunza kwenye magamba

Jumapili kuna dada wa Muheza anasomea kuongoza watalii kanitumia meseji, "kaka naomba msaada, kila nyoka wa kijani asiye na sumu naambiwa ni ukukwi, sasa nitajuaje yupi ni yupi?" Nimekaa na hiyo meseji mpaka usiku, maana swali hilo liliwahi kunidhalilisha mbele za watu na mpaka leo nikilikumbuka roho inauma.

Ilikuwa Amani, kule Usambara Mashariki, niko na wageni sita. Tukamwona nyoka mwembamba wa kijani anapanda ukuta wa jengo moja kama mjusi, ukuta umenyooka kabisa na yeye anapanda tu. Nikaona weusi weusi mwilini nikasema kwa sauti, huyu ni Philothamnus punctatus (Philothamnus ni jina la kisayansi la jamii ya ukukwi, la pili ndo linataja aina). Mkubwa wangu wa kazi alikuwa nyuma, akanikatisha mbele ya wageni wote, "huyo semivariegatus, wewe baki na ndege wako." Alikuwa sahihi, sikatai. Ila angeweza kunivuta pembeni bwana, maana safari nzima iliyobaki hakuna mgeni aliyeniuliza kitu tena.

Kilichonikosesha ni kwamba majina niliyakariri bila kujua yanasema nini. Punctatus maana yake mwenye vidoa, na kweli huyu wa pwani mara nyingi amenyunyiziwa vidoa vidogo vidogo vyeusi. Semivariegatus ni mwenye mapambo nusu, yani mistari mifupi myeusi iliyokatiza mgongo, imejaa sehemu ya mbele, ukienda kuelekea mkiani inapotea. Yule wa ukutani alikuwa hivyo hivyo, mbele mistari nyuma kijani kitupu, na mimi niliangalia shingo tu nikafungua mdomo. Kwahiyo dada yangu, mwangalie nyoka mwili mzima ndo useme.

Shida inakuja kwamba kuna wengine hawana doa hata moja, hapo rangi haikusaidii. Mimi aliyenisaidia ni nyoka mwenyewe alipojivua gamba. Nilianza kuokota magamba kwenye mapaa ya makuti, kwenye ua, kwenye mawe, nikifika nyumbani nayalowesha kidogo kwenye maji yasivunjike alafu nayatandaza kwenye karatasi. Kijani hakibaki kwenye gamba, ila umbo la kila kigamba linabaki, na hapo ndo nilipoona kitu ambacho hakuna aliyewahi kunionyesha. Punctatus na semivariegatus wote wana kunjo kali pande mbili za tumbo, kama mstari wa pasi kwenye suruali, na kunjo hiyo inaendelea mpaka chini ya mkia. Ndiyo anayong'ang'ania nayo ukutani na kwenye magome akiwinda mijusi na vinyonga! Sasa chukua hoplogaster, ukukwi mdogo wa bondeni kwenye maji maji anayekula vyura, tumbo lake halina kunjo ya maana na chini ya mkia ni laini kabisa. Jina lake linamaanisha tumbo la silaha, lisikuchanganye.

Usambara tuna na macrops pia, ambaye mtaalamu wa wanyama Boulenger alimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1895, jina ni macho makubwa, huyo rangi zake hazitabiriki hata kidogo, anza na jicho.

Naomba hapa unisikilize vizuri. Usimshike nyoka wa kijani eti uone tumbo. Miti hiyo hiyo ina nyoka aitwaye mamba wa kijani na ina boomslang, nyoka mwingine wa mitini mwenye sumu, na wote wawili wanaua. Gamba likikupa mashaka angalia sehemu ya kichwa ya hilo gamba kwanza, ukukwi ana kigamba kimoja cha ziada shavuni katikati ya cha pua na kile kinachogusa jicho, mamba hana. Boomslang anacho, ila vigamba vyake vya mgongoni vina tuta katikati, kichwa kifupi na jicho kubwa mno, wakati mgongo wa ukukwi ni laini na ukihesabu katikati ya mwili mara nyingi unapata safu 15. Nimehesabu mara nyingi sana mpaka mke wangu kazoea kukuta magamba mezani.

Mwezi uliopita nilikuwa na mgeni aliyesomea nyoka miaka mingi, tukakuta gamba njiani, nikamwambia hoplogaster na nikamwonyesha kwa nini. Akaligeuza geuza akasema ndiyo. Siku hiyo nilitamani yule mkubwa wangu awepo.

Vijana mnaoanza kazi hii acheni haraka ya kutaja jina. Sema "ni ukukwi, ngoja nimwangalie vizuri", mgeni atakuheshimu zaidi. Na ninyi mliotutangulia, mwanafunzi akikosea mrekebisheni pembeni, msimuue mbele za watu.

Dada, asubuhi nimeiona picha ya gamba uliyotuma, kunjo inaenda mpaka mkiani kwahiyo hoplogaster tumemtoa. Baki na hao wawili wa mwanzo, na hapo gamba peke yake mimi halinitoshi. Umesema anaingia jikoni kila jioni kufuata mijusi. Simama mbali, piga picha ya ubavu mzima kuanzia kichwa mpaka mkia, unitumie.