Daftari, simu na karafuu za mama

Nilipomaliza chuo Unguja nikarudi kwetu Wete, Pemba, bila ya kazi, usingizi ulinikimbia. Saa nane za usiku moyo ukinidunda, na fikra ni ile ile: wenzako wamefika, wewe umebaki. Mama alihisi nimefanyiwa kitu, akaninywesha kombe, maji yaliyooshewa aya za Qur'ani zilizoandikwa kwenye sahani. Sikukataa, na dua zake nazihitaji hadi leo. Lakini usingizi haukurudi.

Rafiki yangu akanitumia mafunzo ya wiki 8 ya kupunguza wasiwasi, ya kusoma kwa simu. Nusu yake ni utulivu wa akili, kwa mtindo aliouanzisha Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts mwaka 1979. Nusu nyengine ni kuzipima fikra, kazi iliyoanzwa miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyewauliza wagonjwa wake wa sonona: nini hasa kilikupitia kichwani wakati ule?

Kuzipima fikra ni hivi: chukua daftari, usiandike kwenye simu. Andika kilichotokea, fikra iliyokujia, halafu ushahidi. Siku moja niliandika: "Mama hakuniitikia salamu. Amenichoka kwa kuwa sina kazi." Kwenye ushahidi nikakwama, nikaenda kumuuliza.

"Nilikuwa nahesabu pishi za wachumaji, mwanangu. Ningekujibu hesabu ingenipotea."

Karatasi ile ninayo bado.

Utulivu ulinishinda mwanzo. Kukaa kitako nikisikiliza pumzi kulinizidishia wasiwasi. Kilichonifaa ni kuchambua karafuu. Unakikandamiza kishada kiganjani, unakizungusha, karafuu zinaangukia huku, makonyo kule, harufu inakupanda puani. Akili ikikimbilia kwenye kazi, unairudisha vidoleni bila ya kuigombeza. Mazoezi yenyewe ndiyo hayo.

Pakua masomo ya wiki nzima mara moja, bando lisije likakukatisha. Na mwambie mtu akuulize kila Ijumaa umefika wapi. Wiki ya 3 mimi niliacha kabisa. Dada yangu ndiye aliyenirudisha.

Ukifikiria kujidhuru, tafadhali usingoje somo lijalo. Mwamshe mtu usiku huo huo akupeleke hospitali. Unguja ipo Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili. Watu hulitaja jina lake kwa kuchekana, na haya hiyo inawafungia wengi ndani. Nenda.

Mimi usingizi ulianza kurudi wiki ya 6, si kila usiku. Jana niliamka saa tisa, nikawasha taa, nikalitafuta daftari.